Nyumba Zilizoigeukia Bahari

Mjukuu wangu, sisi Wameru tulitoka baharini. Nyanya yangu alinisimulia hayo jikoni mwake, moshi wa kuni ukituuma macho na viazi vikuu vikiiva majivuni: kwamba wazee wa wazee wetu waliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, wakitumikishwa na watu aliowaita Nguo Ntuune, wale wenye nguo nyekundu, mpaka Koomenjwe alipowatoa usiku wakavuka. Maji ya Mbwaa, alisema, yalikwenda malishoni na kurudi kama ng'ombe. Mimi nilikuwa sijaona maji mengine zaidi ya mto Kathita, ambao maji yake yakishapita yamepita, nikachukulia kuwa hayo ni maneno ya kuwalaza watoto. Waliosoma wanasema huenda Mbwaa ilikuwa upande wa Manda, karibu na Lamu. Sasa wewe umeniandikia kutoka chuoni, unataka nikueleze juu ya majengo meupe ya pwani yaliyojengwa kabla ya Vita vya Pili, kwa kuwa ndiyo uliyopewa kuyachunguza katika masomo yako ya usanifu. Nitakueleza. Niliyajenga kwa mikono hii. Lakini ilinibidi nianze na Mbwaa ili ujue nilikwenda kuitazama bahari kwa macho ya watu gani.

Niliondoka nyumbani ndevu ndiyo kwanza zinaota. Ilikuwa wakati ule wazee wetu walipokuwa wakikusanyika kujadiliana nani aende kusema mbele ya tume ya ardhi ya Bwana Carter, kwa hiyo ni 1932 au 1933. Nzige walikuwa wameshatupitia na kurudia, mtama ukabaki mabua. Baba yangu alikuwa na wake wawili na nyumba mbili, na serikali ilitaka shilingi 12 kwa kila nyumba. Kahawa ilikuwa bado haki ya walowezi. Sisi wa Meru, pamoja na Waembu na Wakisii, tuliruhusiwa kuijaribu katikati ya miaka ya 1930 tu, na mwanzoni kwa miche ya kuhesabu. Basi fedha ilikuwa lazima itoke mahali pengine. Wamethodisti waliofika Kaaga mwaka 1912 walikuwa wa kanisa moja na wale wa Ribe, nyuma ya Mombasa, waliokuwako huko tangu enzi za mmisionari Wakefield, na mwalimu aliyenifundisha Kiswahili alikuwa mtu wa pwani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya puani, na kila baridi ya Julai ilipoingia alijifunga blanketi juu ya kanzu akatuambia habari za Mombasa, mahali ambapo mtu hulala barazani bila shuka. Useremala niliupata misheni. Nilijifunzia kwenye mbao za muuru, ule mti ambao Wazungu waliuita mwaloni wa Meru, na mpaka leo nikisikia harufu ya muuru uliopigwa randa najiona nina miaka kumi na sita.

Tulikwenda Nanyuki kwa lori la Mhindi mmoja, juu ya magunia ya maharagwe, kupitia Timau, upepo wa mlima ukitukata masikio. Reli ilikuwa imefika Nanyuki mwaka 1930 na stesheni ilikuwa bado inanuka rangi. Huko Sagana akapanda kijana mmoja wa Embu, kutoka pande za Runyenjes, amebeba mwiko wa uashi na timazi ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi. Akakaa karibu nami kwa sababu aliyasikia maneno yangu akayaelewa nusu. Huyo ndiye aliyekuwa ndugu yangu mpaka alipofariki. Kipande chake kilining'inia shingoni katika kikopo cha bati, changu vilevile, na kila askari aliyepita ndani ya behewa alivifungua vyote viwili. Usiku tulikatiza nyika ya Taru hatuoni kitu. Alfajiri, baada ya Mazeras, hewa ikabadilika. Ikawa nzito, yenye chumvi na kitu kingine kilichooza kwa utamu, ambacho baadaye nilijua kuwa ni matope ya mikoko maji yakishatoka. Tulipopita Makupa nikachungulia, nikaona mitumbwi imelala ubavu juu ya tope jeusi. Jioni nilipopita tena karibu na hapo mitumbwi ilikuwa inaelea. Nyanya yangu hakuwa amesema uongo.

Mombasa ya siku zile ilikuwa na miji kadhaa ndani ya mji mmoja. Kulikuwa na Mji wa Kale, wenye vichochoro ambamo watu wawili wakikutana mmoja hupisha, na harufu yake ilikuwa kahawa ya buli, ubani na papa mkavu aliyeshushwa kutoka majahazi ya Kiarabu yaliyokuja na kaskazi. Fort Jesus ilikuwa jela, na ilibaki jela mpaka 1958. Wafungwa walipita asubuhi na karai kichwani kwenda kuvunja mawe, na sisi vibarua tuliwapisha kwa heshima kwa kuwa wengi wao walifungwa kwa kodi. Kulikuwa na Kilindini, ambako gati za maji marefu zilifunguliwa miaka ya 1920, meli ikitia nanga ubavuni mwa ardhi bila haja ya matishari. Na kulikuwa na Majengo, tulikolala sisi. Kitanda kilikuwa shilingi nne kwa mwezi, watu sita chumbani, nyumba ya udongo na makuti ya mama mmoja wa Kiswahili mwenye meno mekundu ya tambuu, ambaye alitupigia hodi kila tarehe mosi na hakusahau hata senti. Kahawa chungu ilikuwa senti moja, hamri senti tano, na mbaazi za nazi za kutosha kumshibisha mwanaume senti kumi. Mimi seremala nililipwa shilingi mbili kwa siku. Kibarua wa zege alipata shilingi moja na ushei. Ya chakula ikitoka, ya kitanda ikitoka, ile iliyobaki niliifunga katika kitambaa na kumpa mtu wa kwetu aliyerudi.

Sasa sikiliza habari ya ujenzi, maana hapa ndipo ninapokutaka ukae kitako. Kwa mamia ya miaka watu wa pwani walijenga kwa matumbawe na chokaa. Jiwe lilikatwa kwenye mwamba wa pwani, chokaa ikachomwa kwenye tanuri la magogo la mviringo ambalo moto wake ulionekana usiku kutoka mbali, ikafukiwa na kusubiriwa miezi kabla haijatumika. Ukuta ulikuwa mnene wa mkono mzima. Juu yake zililazwa boriti za mikoko kutoka Lamu, na kwa kuwa boriti haina urefu wa kupita hatua tatu hivi, chumba cha nyumba ya mawe ni kirefu na chembamba. Aliyekipima ni mti. Nyumba ilijifunga. Mbele ilikuwa na baraza na mlango wa nakshi, ndani kiwanda, yaani ua wa ndani, kilichoachwa wazi juu ili joto litoke, na madirisha machache madogo. Hata iliyojengwa hatua chache kutoka majini iliipa bahari mgongo. Kusi linapoanza kuvuma mwezi wa nne na mvua zake za ubavu, wenye nyumba hizo walikaa wakavu.

Halafu ikaja saruji. Ililetwa kwa meli kutoka Ulaya, maana kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954 tu, na pamoja nayo zikaja nondo, na madirisha ya chuma yenye vioo. Barabara ya Salim na ile ya Kilindini zilikuwa zikibadilika mbele ya macho yetu. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga ghorofa zenye kona za mviringo, vivuli vya zege vilivyotokeza juu ya kila dirisha, mistari mitatu ya lipu ikizunguka jengo kama iliyochorwa kwa kalamu, na juu kabisa jina la mwenye nyumba na mwaka. Na kule Kizingo, juu ya miamba inayotazama mlango wa bandari, Wazungu wakaanza kutaka nyumba ambazo hatujawahi kuona: paa bapa, kuta nyeupe zisizo na nakshi hata moja, dirisha linalokatiza kona bila nguzo, na kibaraza cha juu chenye vyuma vya mviringo vilivyoigwa kwenye staha ya meli. Kila kitu kiliigeukia bahari. Jiko, choo na chumba cha boi vilitupwa nyuma.

Nyumba ya kwanza ya namna hiyo niliyoifanyia kazi ilikuwa ya mkubwa mmoja wa mambo ya meli. Fundi mkuu wetu alikuwa Singasinga mwenye ndevu alizozifunga kwa wavu, mtu mkali wa vipimo lakini mwenye mkono mwepesi wa kumfundisha anayetaka kujua. Yeye ndiye aliyenifumbua macho kwamba ukuta wa zege, kabla haujawa wa zege, huwa ukuta wa mbao. Zege ni uji. Hushika umbo la chombo linamomiminwa. Kona ile ya mviringo ambayo wasanifu waliisifu kwa ulaini wake ilitoka kwetu maseremala. Tulikata mbavu za ubao kwa kuufuata mchoro, tukazisimamisha, tukazivika mbao nyembamba za wima moja baada ya nyingine, zimelowekwa usiku kucha ili zikubali kupinda, tukaziba nyufa kwa udongo ili maji ya saruji yasivuje. Kisha Mwembu wangu na wenzake wakapandisha makarai kwa mstari, wakiimba, kuanzia jua linapochomoza mpaka mwisho, kwa sababu zege likishaanza halikatizwi. Baada ya siku zake tulizibomoa zile mbao. Ukuta ukabaki umesimama, umepinda, na ukiupitishia kiganja unaona alama za mishipa ya ubao, kazi ya randa yangu imegeuka jiwe. Wiki iliyofuata wapiga lipu waliifunika, na mbao zenyewe tuliwapa wanawake wa Majengo wakapikia. Niliona fahari, mjukuu wangu, na fahari ile ninayo mpaka sasa.

Siku moja wakati wa chai Singasinga yule alitoa ukurasa wa gazeti aliokuwa ameukunja ndani ya daftari la vipimo. Ilikuwa picha ya jengo la mapumziko la De La Warr, lililofunguliwa Desemba 1935 huko Bexhill, kusini mwa Uingereza, ukingoni mwa bahari: ngazi ya mzunguko ndani ya kioo, vibaraza virefu, weupe mtupu. Alituambia kuwa mmoja wa waliolichora, Mendelsohn, alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani kwa ajili ya Hitler, na mwenzake Chermayeff alizaliwa upande wa Urusi. Tuliizunguka ile picha tumeshika vikombe. Pembeni alikaa mzee mmoja wa Kiswahili, fundi wa chokaa tangu enzi za Seyyid Barghash, ambaye mwenye kazi alimwajiri ili atengeneze kisima cha maji ya mvua, maana hilo hakuna aliyemzidi. Akaitazama picha kwa muda, akaitazama nyumba yetu, akauliza: huko kwao jua linapita wapi? Singasinga akacheka, akajibu kuwa huko kwao jua hutafutwa. Mzee akasema basi, nyumba hii imejengwa kulitafuta jua mahali ambapo watu hulikimbia. Akaeleza, kwa upole tu, kwamba paa bapa si jambo geni, nyumba za mawe za Mombasa, Lamu na Unguja zina paa bapa tangu zama za zama na weupe wa chokaa vilevile. Ila sakafu ile ya juu ni nene, imelala juu ya boriti na mawe, na hewa hupita kiwandani. Hili bamba jembamba la zege litakunywa joto mchana na kulitapika usiku. Na dirisha lile la kona, alisema, mwezi wa tano utawaona wanalizibia gunia.

Mwezi wa tano walilizibia. Lakini nataka niwe wa haki. Zege lilitupa chumba kipana, ambacho boriti isingeweza kukibeba, na upepo wa bahari uliopita kutoka upande mmoja hadi mwingine saa za alasiri ulikuwa raha ambayo sijaisahau. Niliionja sakafuni, na msumari mdomoni. Aliyeyachora madirisha yale alijua anachofanya. Ambacho hakukijua angeweza kukiuliza kwa mtu aliyekaa hatua kumi kutoka kwake anachimba kisima, na hakuuliza. Jambo jingine alilosema mzee yule ni la mchanga. Wenye haraka waliuchota ufukweni, bure, punda kwa punda. Mzee alisisitiza uoshwe kwa maji ya kisima mpaka ulimi usionje chumvi, na Singasinga wetu alimsikiliza. Kwingine hawakuosha, kwa sababu maji baridi yalinunuliwa na mchanga ulikuwa wa bure, na chumvi iliyofungiwa ndani ya zege huila nondo taratibu. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Nilikuja kuziona nyumba hizo baadaye. Vibaraza vyake vilidondoka vipande vipande kabla ya wajenzi wake kuota mvi.

Mwaka 1931, kabla sijafika, kampuni ya Nyali ilikuwa imefungua daraja la kuelea kutoka kisiwani hadi bara ya kaskazini. Lilikaa juu ya mapipa makubwa ya chuma, likipanda na kushuka na maji, na lori likipita juu yake lilinesa chini ya miguu yako. Ulilipa ushuru kuvuka. Likoni, upande wa kusini, ilingoja feri mpaka 1937. Daraja lile halikujengwa kwa ajili ya wachuuzi wa nazi, ingawa wachuuzi walilipa kama wengine. Lilijengwa kwa kuwa ng'ambo kulikuwa na shamba la katani la kampuni hiyohiyo, na ufuko wa mchanga mweupe ambao sasa ungeweza kuuzwa ploti kwa ploti. Tulivuka na vifaa vyetu tukapita Kengeleni, pale kengele ya Freretown ilipowekwa na wamisionari waliowapa makao watumwa waliokombolewa, tukaingia njia ya vumbi kati ya katani na minazi mpaka baharini. Nilipiga vigingi vya ploti mwenyewe. Mtu mmoja na mnyororo wa kupimia, mwingine na bendera nyekundu, na mimi na nyundo.

Hapo ndipo nilipokutana na kitu kilichonikumbusha mikutano ya wazee wetu kuhusu tume ya Carter. Ndani ya mstari wa vigingi kulikuwa na minazi mirefu, yenye ngazi zilizochongwa kwenye shina, na mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuja kila siku kugema. Minazi ni yake, baba yake aliipanda. Lakini pwani mtu aliweza kuwa na mti bila kuwa na ardhi, na serikali ilikuwa imetunga sheria ya hati za ardhi mwaka 1908 iliyotaka kila mwenye dai aje kulithibitisha mbele ya ofisa ili apewe hati. Waarabu na Waswahili wenye karatasi na mashahidi wa mahakama ya kadhi walikwenda. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilijulikana kwa makaburi na miti na maneno ya wazee, hawakupata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Yaliyofuata yote yalitoka hapo. Ukiwa na hati unaweza kuuza, ukiuza mnunuzi anaweza kuzungushia ua, na ua ukifika majini mvuvi hana pa kupandishia ngalawa. Mzee yule hakutugombeza. Alituomba tu kigingi kimoja tukisogeze kidogo ili kisiujeruhi mzizi, na nilikisogeza, na kesho yake mpimaji akanirudisha nikirudishie mahali pake.

Nilisema nitakuwa wa haki, kwa hiyo nasema na hili: kwetu Meru mlima uko palepale tangu Mungu auweke, na hakuna mtu aliyewahi kufikiri kuwa kuutazama kuna bei. Nilijifunza Nyali kwamba kuna watu wanaoweza kununua mahali kwa ajili ya kile kinachoonekana kutoka hapo. Nilipopita tena Nanyuki mwisho wa miaka ile nikakuta jumba la Mawingo linajengwa na matajiri wa kigeni, madirisha yake yakiutazama mlima huohuo, Kirinyaga, nikaelewa kuwa jambo lenyewe limeshapanda reli limetufuata.

Malindi ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Njia ilikuwa ya mchanga na jiwe la matumbawe, na kabla ya madaraja ulivuka hori mbili kwa pantoni, Mtwapa na Kilifi. Vijana wa pantoni waliivuta kwa mikono, mnyororo ukipita begani, wakapuliza kombe, wakaimba nyimbo walizozitunga papo hapo juu ya abiria: huyu mnene, huyu bahili, yule Mzungu mke wake mrembo. Walowezi waliowaelewa waliwatupia senti, na wasioelewa walipiga makofi. Miaka ya mtikisiko wa bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imewafilisi baadhi ya walowezi wa bara, na wengine wakashuka Malindi kutafuta maisha rahisi. Mwaka 1934 mwanamaji mstaafu wa Kiingereza, Lawford, alifungua hoteli yake, na mwaka huohuo Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, alikuja hapo kuvua samaki baada ya kuwinda huko bara. Sikumwona. Nilimwona samaki mkubwa mwenye pua ya mkuki ametundikwa kwenye mti na Wazungu wamepanga foleni ya kupigwa picha naye, wakati wavuvi wa Kibajuni waliosimama nyuma yao wakihesabu ni mitungi mingapi ya mafuta ingetoka.

Hoteli tuliyojenga sisi ilikuwa nyingine, ndogo, na jina lake halina haja. Walichanganya: kuta za matumbawe zilizopigwa chokaa, ukumbi wa mviringo wa zege ulio wazi upande wa bahari, na juu ya vyumba vya kulala makuti, kwa kuwa makuti ni baridi na ni rahisi. Hata leo naamini huo ndio uliokuwa mchanganyiko wenye akili zaidi niliowahi kuushika. Msimamizi alimwachia fundi wa makuti, Mgiriama, aamue mwinuko wa paa, na paa lile halikuvuja. Ukisimama ukumbini jioni uliiona nguzo ya Vasco da Gama kule kwenye rasi, nyeupe na msalaba wake, na jahazi moja moja likirudi. Siku ya ufunguzi tuliambiwa tusionekane mbele. Mimi na Mwembu wangu tulikaa nyuma ya jiko na sahani ya wali wa nazi na kamba wakubwa ambao mpishi alitutengea, tukasikia gramafoni, tukasikia watu wakiusifu ukumbi. Mwenzangu akaniambia kwa Kiembu niupige ngumi ukuta ili wasikie walioujenga wako wapi. Sikupiga, lakini nililala na hasira.

Hasira za namna hiyo zilikuwa nyingi Mombasa kote, na za kodi ya chumba zilizidi. Kitanda kilipanda kikafika shilingi sita, mshahara ukabaki palepale. Mwisho wa Julai 1939 wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali waliweka chini zana, na mwanzoni mwa Agosti bandari nayo ikasimama. Nyapara na vibarua wakakaa pamoja barazani mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mji ambao siku zote ulilia kwa minyororo na king'ora ulinyamaza. Serikali iliunda tume, ile ya Willan, ikaandika wazi kwamba watu wanalala vibaya na kulipa ghali, na baadhi yetu tukapata posho ya nyumba. Kisha vita vikaja.

Mimi vita vilinipeleka Mogadishu, na kikosi cha kazi, muda mfupi baada ya mji kutekwa Februari 1941. Nitakugusia tu kwa kuwa inahusu masomo yako. Waitalia walikuwa wameujaza mji ule majengo meupe kuliko hata Mombasa, na tao la Umberto la mwaka 1928 likitazama upande wa maji. Nilipita ndani ya moja ya nyumba hizo, tupu, vioo vimevunjika, nikaangalia kona ya mviringo na kuona alama za mbao pale lipu ilipobanduka. Seremala fulani wa Kisomali alikuwa amepanga mbao zake nyembamba kuliko zangu. Kazi safi sana.

Baada ya vita niliporudi Mombasa mara za kutembea tu, mambo yalikwenda mbio. Nyali Beach Hotel ilifunguliwa 1946. Miaka ya 1950 ilisimama Oceanic, hoteli iliyochorwa na Ernst May, Mjerumani yule aliyejenga mitaa ya wafanyakazi Frankfurt, akaenda Urusi, kisha akaja kulima kahawa Tanganyika mwaka 1934 kabla ya kufungua ofisi Nairobi. Kila chumba kilipata bahari yake na kivuli chake, na mpangilio wa vivuli vile ulionyesha mtu aliyekaa Afrika vya kutosha kulijua jua. Sisi wakati huo, Waembu, Wameru na Wakikuyu, tulikuwa chini ya Hali ya Hatari, hatuwezi kupanda hata gari la Nairobi bila kitabu cha pasi. Mwembu wangu alikaa miaka kizuizini. Alipotoka hakushika tena mwiko, alipanda kahawa. Nami kahawa yangu hii uliyosomeshwa nayo miche yake niliinunua kwa fedha ya zege. Daraja la Nyali la kuelea liliondolewa, na lile jipya la juu likafunguliwa 1980. Nimelivuka nikiwa na magongo, na nilitafuta kwa macho minazi ile yenye ngazi, sikuiona.

Basi ukienda huko likizo, usianze na picha. Nenda Kizingo asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, utafute nyumba iliyobanduka lipu, upitishe kiganja kwenye kona uone kama mishipa ya ubao ipo. Kisha ingia chini ya kibaraza ukigonge kwa sarafu: penye mlio wa debe tupu ndani kuna kutu, na mchanga wake haukuoshwa. Andika zipi na zipi. Halafu vuka Nyali, uwaulize wavuvi, si mawakala wa ploti, majina ya bandari zao ndogo kutoka Kengeleni mpaka Mtwapa, na kwa kila jina uulize njia ya kufikia maji bado iko wazi au imezibwa, na ilizibwa mwaka gani na kwa hati ya nani. Mwalimu wako atakuambia hilo si somo la usanifu. Mwonyeshe daftari la vipimo la Singasinga wangu, ambalo nimekuwekea ndani ya sanduku la muuru. Ukurasa wa mwisho ameandika gharama za nyumba ile ya Kizingo, na kabla ya saruji, kabla ya nondo, kabla ya mshahara wetu sote, mstari wa kwanza ni bei ya ardhi.